Wadudu Walioelea

Mpima maji aligeuza jiwe jingine kijitoni, nalo halikuwa na mdudu hata mmoja. Juzi tu mawe haya haya yalijaa wadudu wadogo wenye mikia mitatu, wale wasiovumilia uchafu. Sasa yalikuwa matupu kama sahani zilizooshwa.

Vipimo vya dawa vilisema maji ni safi. Lakini dawa hupima maji yanayopita sasa. Yaliyopita usiku wanayajua wadudu.

"Bibi Wadudu! Leo hata salamu hakuna?" Wifi yake alikuwa akiteremka na ndoo, anacheka.

"Wifi, usichote."

"Umechelewa. Nimejaza mapipa tangu alfajiri, hii ni ya kufulia tu."

"Alfajiri maji yalikuwaje?"

"Mazuri mno! Si wewe uliyetufundisha kwamba penye wadudu wale maji ni salama? Leo walikuwa tele, wanaelea kama makapi. Nikawachuja kwa kitambaa hiki, watoto wakanywa, wakaenda shule."

Kitambaa kilikuwa begani mwake, bado kibichi. Mpima maji akakikunjua. Wadudu walikuwa wamenasa kwenye mikunjo, mikia mitatu mitatu, na hakuna aliyetikisika.

"Mdudu mzima hung'ang'ania jiwe, wifi. Haelei."

Kicheko kikamkauka mwenzake.

"Twende shuleni tuwachukue watoto!"

"Mdogo amerudi," wifi akasema polepole. "Tumbo linamkata. Nimemlaza, nikamwekea jagi karibu. Nimemwambia anywe maji mengi."