Nusu ya Suruali

Rémy alichukua kisu cha Emerance, kile cha kukatia majani ya sombe, akaipasua suruali yake ya kazi katikati.

Emerance aliangusha mwiko. Suruali yenyewe ilikuwa mpya! Ilitoka Goma kwa ndege, na ndani ilijaa nyuzi za kunasa mnyororo wa mashini ya kukatia miti kabla haujafika kwenye nyama ya mtu.

"Yaya Rémy, kichwa iko muzima?"

"Djamali, kamata," Rémy akasema, akamrushia mwenzake mguu wa kushoto wa suruali.

Djamali akaudaka, akacheka, hakubisha hata kidogo. Juma lililopita mashini ilimrukia kwenye paja la kushoto. Nyuzi za suruali yake zilijisokota kwenye mnyororo kama nywele kwenye kitana, mashini ikazimika, naye akabaki na mchubuko tu na hadithi ya kusimulia msikitini. Lakini suruali za namna ile hukinga mara moja. Upande uliokwisha kuumwa haufai tena.

"Na wewe sasa?" Emerance akauliza.

"Mimi nitavaa wa kuume. Unanitosha."

Kambi yao ilikuwa msituni nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto ukitokea bandari ya Kindu. Wanaume wale wawili walikata na kupasua. Emerance aliwapikia, na ndiye aliyechagua mbao za kupakia kwenye mitumbwi, maana alijua mti kwa pua. Marehemu baba yake, seremala, alimfundisha angali mdogo: huu lifaki, huu tola, huu kambala, hauliwi na mchwa.

Ajabu ni kwamba kwa mambo mengine Rémy alikuwa mkali kama mwalimu wa katekisimu. Hujavaa kofia ngumu? Mashini haiwashwi. Hujavaa glavu, hujashusha wavu wa uso, huna buti ndefu? Haiwashwi. Hata Emerance akileta sufuria ya wali alivalishwa kofia kwanza. Na mtu huyohuyo leo ajiache mguu mzima bila kinga!

Jambo hilo lilimuuma Emerance kwa sababu yake mwenyewe. Mwezi mzima sasa Rémy, aliyemwita yaya, yaani kaka, kwa heshima tu, alikuwa akimwomba wafunge ndoa, na yeye, kwa haya, hajajibu. Siyo kwamba hakumpenda. Alipenda mwendo wake wa polepole, kama chifu anayekagua shamba. Alipenda anavyokaa kwenye gogo, mguu mmoja kaunyoosha mbele kama wa mgeni rasmi. Alipenda hata ukimya wake. Vita vilimkuta huko Obokote angali mtoto, na alipofika Kindu vita vilikuwa vimekwisha. Ukimwuliza ya katikati, atasema, "Tulipita njia mbaya," kisha ataomba chumvi.

Lakini Emerance alikuwa na shangazi, Germaine, ambaye mumewe alivunjwa na mti. Shangazi alimuuguza mume huyo miaka tisa, akimlisha na kumgeuza kitandani. Emerance aliyaona yote kwa macho yake.

Mchana, walipokuwa wakila, alikusanya ujasiri wake.

"Shemeji iko na neno," Djamali akachokoza. "Angalia ile midomo."

"Mimi si shemeji yako. Bado." Akamgeukia Rémy, macho yakiwa kwenye sahani. "Yaya, sikia. Kesho funga hata gunia kwenye ule muguu. Kama hapana, mimi siolewi. Sitaki bwana wa muguu moja."

Djamali akaacha kutafuna.

Rémy aliendelea kula. Siafu walikuwa wamefanya njia juu ya buti lake la kushoto, wanapanda, wanaingia ndani. Hakuwapangusa.

"Nimesikia," akasema mwishowe.

Asubuhi alikuja bila gunia. Emerance alikasirika hata akatia sombe chumvi mara mbili.

Ilikuwa saa nne. Rémy alikuwa akikata matawi ya mti ulioanguka jana yake, kofia kichwani, wavu usoni, nusu suruali imefungwa vizuri upande wa kuume, juu ya suruali ya kawaida. Ncha ya mashini ikagusa tawi lililojificha chini ya majani. Mashini ikaruka, ikashuka kwenye mguu wa kushoto, chini ya goti. Buti likapasuka. Rémy akaanguka chali.

Emerance hakujua alivyofika pale. Alifungua kitenge chake cha juu, akauzungushia mguu ule, akakaza kwa nguvu zote mbili, za mikono na za meno.

"Djamali! Mutumbwi! Tumupeleke hospitali!"

Djamali alikuwa amechuchumaa, amefunika uso kwa mikono, mabega yakitetemeka. Emerance alidhani analia.

"Usikufe," akamwambia Rémy. "Sikia? Nitakubali. Nimekubali! Usikufe tu."

Rémy akainua wavu. Uso wake haukuwa wa mtu mwenye maumivu. Ulikuwa wa mtoto aliyekamatwa na kipande cha samaki mkononi.

"Fungua, Emerance," akasema kwa sauti ndogo. "Fungua, uangalie."

Akafungua. Hapakuwa na tone la damu. Kitenge kilipoachia, unga wa manjano wa mbao ulimmwagikia mapajani, na pua yake ikautambua kabla yeye mwenyewe hajaelewa.

"Kambala," akasema polepole. Kisha akajifuta machozi kwa mkono. "Basi vizuri. Huo hauliwi na mchwa."