Aliyezaliwa Angani

Ndege tano mpya zilipowasili kikosini, Sajini Shaweji aliamriwa aing'oe injini ndege kuukuu ya mizigo aliyoitunza kwa miaka ishirini na sita. Ndege yenyewe ingewekwa langoni, iwe pambo.

Alikuwa ameshika spana, mikono ikiwa mizito kuanza, Luteni Tunu, rubani wa moja ya ndege mpya, alipoingia karakana. Shaweji akasimama wima.

"Leo usinipigie saluti, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, afande," alijibu kwa mshangao.

"Mwaka wa yale mafuriko, ndege hii ilikwenda kuokoa watu bondeni. Mama mmoja akajifungulia angani. Unakumbuka?"

Shaweji alicheka. "Nitasahauje? Alinibana mkono mpaka nikadhani umevunjika. Daktari hatukuwa naye, nikampokea mtoto kwa koti langu la kazi. Hakulia, hata nikaingiwa na hofu. Mara akapiga chafya."

"Ndiye mimi."

Shaweji alimtazama, mabawa ya urubani yakimeta kifuani pake.

"Nimekuja na mama," Tunu alisema taratibu. "Anaomba kuiona kabla hujaifungua."

Shaweji aliiweka spana chini, akafuta mikono haraka, akaenda kuteremsha ngazi. Mama mfupi mwenye mvi alikuwa amekwisha kufika. Alivua kandambili, kama mtu aingiaye nyumba ya watu, akaweka mguu mtupu juu ya kidato cha kwanza cha ngazi.