Kukumbuka kwa Kiingereza

Mwalimu wa jioni alizungushia wino mwekundu kitenzi kimoja kwenye insha yangu ya Kiingereza, pale nilipoandika kwamba kila siku namkumbuka mume wangu.

"Mama Kidoti, wenzetu hapa wana maneno mawili. Kuna la kutomsahau mtu, na kuna la kutamani arudi. Lako lipi?"

"La kwanza, shosti!" jirani yangu wa dawati akadakia. "Miaka miwili kaondoka, hata salamu hatumi!"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni, shavu lake limelowesha blauzi yangu kwa jasho.

Nikafuta kitenzi changu kwa raba mpaka karatasi ikatoboka.

"Mwalimu," nikanong'ona, "hilo la pili linaandikwaje?"