Gunia la Kijani

Jumamosi tulifungwa mbili bila, tukatolewa kwenye robo fainali ya Kombe la Taifa. Jumatatu asubuhi Bwana Mgaya wa kamati ya mashindano akabisha hodi kwangu, gunia mkononi, akaniamkia vizuri kabisa. Ndiyo sheria: wilaya ikitolewa, haina ruhusa ya kuwa na rangi ya timu yake mpaka msimu ujao. Rangi yetu ni kijani.

Alichukua jezi ya binti yangu Twilumba, golikipa wetu, ikiwa bado na tope. Akachukua khanga zangu, ndoo ya kuogea, hata mswaki. Alipoanza kushusha pazia, nilimvuta mpaka dirishani. Nje, chai ya Mufindi ilikuwa imefunika vilima vyote.

"Na kile kijani chote utakitia kwenye gunia gani?"

Nilidhani ataona haya. Akapiga simu ofisini, akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Mama Twilumba, wanauliza ni ekari ngapi."

Twilumba, aliyekuwa mezani, aliacha kula. Mimi nilimpokonya gunia, nikatoa jezi ya mwanangu, nikaenda kuianika uani, upande wa barabarani.

"Waambie waje wapime wenyewe. Na wakija, wataanzia hapa."