Orodha ya Vitu vya Mtoto

Fundi baiskeli alitandua shuka la kitanda chake, akalikata vipande ishirini na vinne. Lilikuwa zuri bado. Lilikuwa shuka la harusi yao.

"Pinda ukingo, nepi zisichanike," alisema shemeji yake, dada wa marehemu mkewe, akichambua mboga mlangoni.

"Nitapinda."

Mkewe alifariki siku ile ile aliyojifungua. Mtoto, wa kike, alipelekwa kwenye nyumba ya kulelea vichanga kabla baba yake hajafuta machozi. Alimbeba mara moja tu, kwenye korido ya hospitali, wakamnyang'anya kwa adabu. Alipokwenda kumchukua, mama mkuu wa nyumba ile alitazama kucha zake zenye grisi, akampa karatasi. Mwanamume mjane hapewi mtoto hivi hivi. Alete vitu kwanza, vikaguliwe.

Karatasi alisomewa na mama wa mitumba. "Kitanda. Chandarua. Beseni la kuogea. Nepi dazeni mbili. Blanketi." Akamtazama juu ya miwani. "Hawa wakubwa wa nyumba ile walizaliwa na vitanda, fundi?"

"Walizaliwa na mihuri."

Mama wa mitumba alijua njia za mtu asiye na kitu. Nepi usinunue, kata shuka. Viatu achana navyo, mtoto haendi popote. Ila kwenye blanketi usibane. Fundi akachagua moja lisilo na tundu hata moja.

Chandarua alikipunguza chake mwenyewe, mbu wakabaki wa kwake peke yake. Kitanda alikiunda kwa fremu za baiskeli tatu zilizokufa, akakipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu, asije mtoto akajikwaruza. Na jioni shemeji alimpa mto auvalishe nepi kwa pini.

"Umemchoma," shemeji alisema.

"Nimechoma pamba."

"Leo pamba. Fungua, anza tena."

Safari ya kwanza alipeleka nepi na blanketi. Mama mkuu alivipokea, akasema vibaki pale mtoto avizoee. Kumwona haikuwezekana, amelala. Safari ya pili aliambiwa mtoto ana mafua, ametengwa. Siku hiyo mama mkuu alichangamka ajabu. Alikuwa akimsindikiza bwana mmoja na mkewe kwenye gari, mke amepakata kichanga kilichofunikwa gubigubi. Fundi akawafungulia geti, akawaombea mtoto wao akue salama. Bwana yule akashusha kioo, akamwachia noti mkononi. Noti hiyo ndiyo iliyonunua beseni.

Baada ya hapo orodha ikazaa orodha nyingine. Chupa ya kuwekea maji ya moto. Kipimajoto. Barua ya mwanamke atakayesaidia malezi. Barua ikarudishwa, haina muhuri. Ikapigwa muhuri, ikarudishwa, muhuri haukukolea.

"Watakwambia ulete na titi," shemeji alisema.

"Wakiniambia, nitalitafuta mitumbani."

Wote wawili walicheka, kisha shemeji akaingia ndani, asionekane analia.

Mtoto alipotimiza miezi mitano, fundi alifunga kitanda kile nyuma ya baiskeli, akasukuma mpaka kwenye nyumba ya vichanga, akakitua mbele ya meza ya mama mkuu. Hapakuwa na kitu kilichosalia kwenye orodha. Kwake hapakuwa na kitu kabisa. Hata spana alikuwa anaazima.

"Njoo wiki ijayo," mama mkuu alisema. "Mkaguzi hayupo."

"Leo siondoki bila yeye, mama. Nikiondoka, nakwenda kwa bosi wako na karatasi zote hizi. Sijui kusoma, lakini yeye anajua."

Mama mkuu aliinuka. Aliingia chumba cha ndani na dada wa zamu, wakakaa huko muda mrefu. Alitoka amebeba mtoto aliyefungwa vizuri, uso tu ndio unaoonekana.

"Haya, baba. Umeshinda. Weka kidole hapa uende zako, mvua hiyo inakuja."

Fundi alimpokea kwa mikono miwili. Alilia, mara ya kwanza tangu mazishi. "Mbona mwepesi hivi? Miezi mitano?"

"Watoto wa huku hawanenepi. Bajeti ndogo."

"Paji la mama yake hili," fundi alisema. "Tazama, dada. Paji lake kabisa." Dada wa zamu hakutazama.

Akahisi unyevu kwenye kiganja. Akacheka kidogo, akamlaza mtoto juu ya meza, juu ya karatasi zao zote.

"Utambadilisha ukifika nyumbani," mama mkuu alisema.

"Hapana. Mmeniambia miezi mitano kwamba mwanamume hawezi. Sasa mwone."

"Tumekuamini, baba."

"Mwone tu."

Alifungua pini ya kulia, akaiuma mdomoni ili isipotee. Akafungua ya kushoto. Akashika ncha ya nepi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayefunua chakula cha wageni, akaikunjua.

Mtoto alikuwa wa kiume.

Mama mkuu akamsogezea pedi ya wino. "Weka kidole, baba," alisema kwa upole. "Huyu ndiye tuliyenaye."