Mita Sitini

Leokadia alikuwa amechora ramani ya soko mara tatu, lakini iliyobandikwa ukutani kwa mkurugenzi ilikuwa ya Fanueli, kijana ambaye Leokadia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Roho ilimuuma. Sasa maafisa mipango miji hao wawili walikuwa mtoni kupima, maana sheria ya mazingira ilitaka soko liwe mita sitini kutoka ukingoni.

"Dada, nishikie hapo majini," alisema Fanueli, akarudi kinyumenyume na futi kamba hadi mpaka wa soko. "Sitini na mbili! Tumepita."

Kilikuwa kiangazi, na mto ulikuwa umenywea. Leokadia aliijua sheria hiyo vizuri: ukingo ni pale maji yanapofika wakati wa masika. Na hatua ishirini kutoka majini, kwenye tawi la mti, lilining'inia tambara la tope lililoachwa na mafuriko.

Akimwambia, atarekebisha ramani, na mkurugenzi atamsifu tena.

"Vipi dada, kuna tatizo?"

"Hamna."

Fanueli alipoinama kujaza fomu, Leokadia alilichomoa lile tambara, akalikunja na kulitia kwenye pochi. Kisha akaweka sahihi chini ya ile ya Fanueli. Vidole vyake vilikuwa bado vimelowa, vikaacha tope kwenye karatasi.