Kabureta kwa Simu

"Usizime! Acha ingurume hivyo hivyo, halafu weka simu karibu na injini," alisema Valens, huku akiziba sikio la pili kwa kidole chenye grisi.

Kwenye simu ilisikika injini ya zamani ikipiga mbio kama inayofukuzwa, ikikohoa, kisha mluzi mwembamba, fyuuu, usiokoma. Halafu ikazima.

Valens akatabasamu. Garaji yake ilikuwa kando ya barabara kuu inayoshuka kutoka Kanama kuingia Gisenyi, na mluzi ule alikuwa ameusikia kwenye magari mengi. Akaketi juu ya tairi kuukuu. Wateja wa simu aliwapenda kuliko wote. Kwao alikuwa daktari.

"Muzee, umesema unaitwa nani?"

"Juvénal, wa Nyamyumba. Namba yako nilipewa na mutu anakusifu sana. Anasema kwa simu we iko na uvumilivu kupita padri."

Sifa hizo zilimwingia vizuri, hasa siku ile. Asubuhi, wakati wa chai, mkewe Libérata alikuwa amemwomba jambo, naye akamjibu, "Kesho, chérie," kama alivyomjibu jana. Libérata akainuka. Aliondoa vikombe mezani, basi.

"Bon, muzee. Hewa inaingia pahali haitakiwi. Pale manifoldi, bomba ya hewa, inashikana na injini iko nafasi, inavuta hewa ya bure. Ndiyo maana haitaki kutulia. Chukua maji ya sabuni, umwage kidogo pale kwenye kiungo. Pahali sauti itabadilika, ugonjwa iko hapo."

"Ngoja nimwambie. Mi sijui kitu ya mashine. Iko mutu hapa anashika funguo za kukaza nati."

Ikasikika minong'ono, kisha injini ikawaka tena.

"Imebadilika! Katikati!"

"Akaze nati za katikati kwanza, halafu aende pembeni, moja huku, moja kule. Pole pole. Ile ni aluminiamu, ukiikaza kwa hasira inapasuka."

Valens alisikia funguo ikigonga chuma, ikitulia, ikigonga tena. Mluzi ukaisha. Lakini kila mguu ulipotoka kwenye mafuta, injini ilikata roho.

"Fundi, tusaidie," Juvénal akasema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Viazi viko tayari kwa magunia, na mukiriya, mununuzi wa Goma, amesema tusipofika muchana ananunua kwa wengine. Huyu ni mukiriya wa siku zote. Akienda, ameenda."

Valens akasimama. Wateja wawili walikuwa wameingia garajini. Akawaonyesha benchi kwa mkono bila kuwatazama.

"Tutafika, muzee," alisema, kama vile naye alikuwa safarini. "Afungue kabureta, aangalie gasketi, ile karatasi ya kuziba iko chini yake. Iko na kashimo kadogo pembeni. Kanatazamana na kashimo ka manifoldi?"

Alingoja. Pikipiki moja ilipita barabarani, ikifuatwa na lori la ndizi.

"Anasema hapana. Ka gasketi kako upande ingine. Ka manifoldi kamefunikwa."

"Imewekwa kichwa chini!" Valens akajipiga paja. "Ni mujinga gani alifunga hii?"

Kwenye simu mtu akakohoa.

"Iko fundi moja. Anajulikana sana hapa muji."

"Nitajie jina! Watu kama hao wanatuharibia kazi. Alikuwa anawaza nini?"

"Naambiwa alikuwa na haraka. Alikuwa anawahi wateja."

"Wateja! Donc nyinyi hamukuwa wateja?"

"Ndiyo ile tunajiuliza, fundi."

Gasketi ikageuzwa, kabureta ikarudishwa mahali pake. Valens akaagiza wawashe. Mlio ukapasuka, paa! na Juvénal akapiga kelele: "Moto! Moto kwa kabureta!"

"Atoe mikono!" Valens alifoka hadi wale wateja wakainuka kwenye benchi. "Kitambaa cha maji! Mutupe juu, musipulize!"

Vishindo vya miguu, kisha kitu kikaanguka.

"Muzee? Muzee! Huyo mutu iko muzima?"

Valens akabana simu sikioni. Huyo mtu hakuwahi hata kumsikia sauti, lakini kwa muda wote ule alikuwa amemwongoza mikono kama ya kwake.

"Iko muzima," Juvénal akajibu, akihema. "Anacheka. Anasema tuendelee."

Walipowasha tena, injini ilikohoa kidogo tu, kisha ikatulia, ikawa inapiga kwa utaratibu kama cherehani. Valens akafumba macho kuisikiliza.

"Muzee, huyo mutu wako ni wa kuchukua. Vijana wangu hapa nawaambia mupaka nachoka. Yeye anasikia mara moja. Mulete garaji, namupa kazi leo leo."

"Unaahidi?"

"Naahidi mbele ya wateja wangu!"

"Ntamwambia," alisema Juvénal, na simu ikakatika katikati ya vicheko viwili.

Valens akatoka hadi kando ya lami, akifuta mikono. Bado alikuwa anatabasamu aliposikia mlio ukishuka kutoka juu, na akautambua kabla ya kuona gari: ule ule. Akainua mkono kumpungia mteja wake, kisha akashangaa, maana Nyamyumba iko upande mwingine kabisa.

Ikatokea pikapu ya bluu iliyojaa magunia ya viazi, pikapu yake mwenyewe, ile aliyoifunga kabureta mbio mbio kabla ya Pasaka na kuiacha nyuma ya nyumba ikisubiri ile "kesho" yake. Kwenye kiti cha abiria mzee asiyemjua alimpungia simu, na kwenye usukani, mikono myeusi hadi viwikoni, Libérata akapiga honi mara moja na kukanyaga mafuta kuelekea mpakani.